CRB: Usilipe Usichodaiwa Ili Jina Litoke

Si lazima ukope ndipo jina lako lifike CRB, zile ofisi zinazotunza rekodi za nani anadaiwa na nani amelipa. Hapa Kenya, akaunti ya mshahara uliyoiacha ulipobadilisha kazi inatosha.

Yangu ilikuwa hivyo. Mwajiri mpya alilipa mshahara kupitia benki nyingine, nami nikapeleka barua ya kufunga akaunti ya zamani, nakala yangu ikapigwa muhuri pale kaunta. Miaka ikapita. Siku nilipoomba mkopo kwenye Sacco, nikaambiwa nina deni benki. Deni gani?

Nikaomba taarifa ya akaunti, si ile ya miezi sita wanayopenda kukupa, bali tangu tarehe ya barua yangu. Kila mwisho wa mwezi palikuwa na mstari mmoja: ada ya kutunza akaunti. Salio likashuka hadi sufuri, likazama chini ya sufuri, na hapo mstari wa pili ukaanza kujitokeza: riba. Yaani benki ilijikopesha ada yake yenyewe kwa jina langu, kisha ikanitoza riba ya mkopo huo.

Karani akanishauri, nadhani kwa nia njema: "Lipa tu, si pesa nyingi, utapata cheti cha CRB cha kuonyesha hudaiwi." Hapo ndipo wengi hunasa. Ukilipa, rekodi haifutiki, inaandikwa tu kwamba umelipa, na historia ile hukaa miaka 5 tangu siku ulipomaliza deni. Cheti utapewa, ndiyo, lakini mkopeshaji akifungua ripoti yenyewe ataikuta. Taarifa ya makosa huondolewa, hailipiwi.

Kwa hiyo mlango wa kwanza ni ripoti yako ya CRB. Ofisi zenye leseni ya Benki Kuu ni tatu, TransUnion, Metropol na Creditinfo, na una haki ya ripoti moja ya bure kila mwaka. Angalia ni nani aliyekuripoti, kiasi gani, tarehe gani. Tangu kanuni za 2020, deni lisilofika shilingi 1,000 halifai kuripotiwa kabisa.

Kisha andikia benki. Usiandike insha, meneja wa tawi hasomi machozi. Mimi niliomba mambo matatu: ada zote za baada ya barua yangu zifutwe pamoja na riba yake, akaunti ifungwe, na benki iziandikie ofisi za CRB kuondoa taarifa. Nikaambatisha nakala yenye muhuri. Halafu nikauliza swali moja: ilani ya siku 30 mnayotakiwa kumpa mteja kabla ya kumripoti, mliituma wapi? Ikabainika ilikwenda kwenye sanduku la posta la mwajiri wangu wa zamani. Tangu siku hiyo sauti zao zilibadilika.

Usingoje benki imalize ndipo uende CRB. Peleka pingamizi huko siku hiyo hiyo. Wakati uchunguzi unaendelea, wanatakiwa kuweka alama kwenye ripoti yako kwamba taarifa hiyo inabishaniwa. Alama hiyo ilinisaidia sana mbele ya kamati ya mikopo ya Sacco. Benki ikikaa kimya, peleka malalamiko Benki Kuu pamoja na nakala za barua zote. Simu usizitegemee, maana anayekujibu leo kesho hayupo kwenye dawati lile.

Kama ugomvi wako ni ada iliyopanda ghafla, soma kifungu cha 44 cha Sheria ya Benki: benki haipandishi ada bila idhini ya Waziri wa Fedha. Na kama kweli ulikopa ukashindwa kulipa, kuna kifungu cha 44A, kinachotumika tangu 2007. Riba haiwezi kuzidi kiasi cha mkopo kilichokuwa kimebaki siku mkopo huo ulipohesabiwa kuwa haulipiki. Deni la 50,000 lililofika 180,000 kwa riba tupu lina maswali ya kujibu.

Benki ikikubali, dai barua yenye jina lako, namba ya akaunti na maneno wazi kwamba taarifa iliingizwa kimakosa. Baada ya muda chukua tena ripoti kwa ofisi zote tatu. Kwangu mbili zilikuwa zimefuta, ya tatu bado, hadi nilipowapelekea barua hiyo mwenyewe. Na yule kijana wa mtandaoni anayeahidi kukutoa CRB ukimtumia "ada ya usajili", mwache. Kupinga taarifa ya makosa ni bure.