Kidonda kisichofunga, hedhi inayokatika: nishike vipi twahara yangu?

SWALI: Assalaam alaykum shehe. Mimi ni mama wa miaka 52, naishi Tanga. Nilijikata na bati la banda la kuku, juu ya mguu karibu na kifundo, na hii ni wiki ya saba. Zamani kidonda kama hiki kwangu kilikuwa cha wiki moja. Sasa kinashika gaga, nikitia udhu linalainika na kubanduka, naanza upya. Ngozi yenyewe imekuwa nyembamba na kavu, nikijikuna tu inachubuka. Hedhi ilikatika miezi saba, juzi imekuja siku tatu ikaondoka. Usiku naamka nimelowa jasho. Wifi yangu anasema hii ni husda, au nina dhambi sijaitubia, na kwamba mwanamke akishakata hedhi basi amekwisha. Nakazana kuosha mguu mara tano kwa siku nikiogopa swala yangu isije ikaharibika. Nifanyeje? Ile damu nayo ina hukumu gani? Na daktari akiniandikia dawa za homoni, nitumie?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah, mama yangu.

Nianze na mguu, maana huo haungoji. Kuanzia swala inayokuja, acha kumwagia maji kidonda hicho. Nasema hivi kwa sababu ya lile gaga ulilolitaja. Mtu anayeliona gaga likibanduka kila alfajiri kwenye beseni, kisha anarudia adhuhuri, hafanyi ibada ya ziada. Anauumiza mwili aliokabidhiwa autunze.

Huenda umezoea kusikia kwamba ruhusa ya kuacha maji ni ya mtu anayeogopa kufa au kupoteza kiungo. Madhhabu yetu ya Imam Shafi hayakuishia hapo. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijria, ameandika katika Minhaj, kitabu ambacho wanafunzi wetu wa pwani wamekisoma kizazi baada ya kizazi, kwamba miongoni mwa nyudhuru za tayamamu, yaani kujitwaharisha kwa udongo badala ya maji, ni kuogopa kidonda kuchelewa kupona. Kuchelewa tu. Akataja na kuogopa kovu baya kwenye kiungo kinachoonekana. Kwa hiyo hilo unalolionea haya kuliuliza, kwamba kidonda chako kinakawia, wanazuoni walilitaja kwa jina lake zaidi ya miaka 700 iliyopita.

Na ipo hadithi aliyoipokea Abu Dawud kutoka kwa Jabir. Walikuwa safarini, mwenzao akapigwa na jiwe akapasuka kichwa. Usiku akaota, akaamka na janaba. Akawauliza wenziwe: mnaniona nina ruhusa ya tayamamu? Wakamwambia hatukuoni na ruhusa, na maji unayaweza. Akaoga, akafa. Habari ilipomfika Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, alisema: "Wamemuua, Mwenyezi Mungu awaue! Kwa nini hawakuuliza walipokuwa hawajui? Hakika dawa ya kutojua ni kuuliza." Angalia, mama, ukali ule uliwaangukia waliotoa fatwa ngumu kwa mgonjwa. Aliyeuliza hakulaumiwa kwa lolote. Wifi yako umsomee hiyo.

Sasa namna ya kufanya. Wakati wa swala ukiingia, tia udhu kama kawaida: uso, mikono, kupaka kichwa, mguu mzima ulio salama. Ukifika kwenye mguu wenye kidonda, osha pale palipo salama. Usimwage kwa kopo. Tumia kitambaa kilichokamuliwa, uzunguke kidonda kwa taratibu maji yasikimbilie ndani. Kama umefunga bandeji, pitisha mkono wenye maji juu yake yote. Kama kidonda kiko wazi hukipaki chochote. Kisha jikaushe mikono na uso, ufanye tayamamu kwa ajili ya ile sehemu usiyoiosha: pigo la kwanza la vumbi kwa uso, la pili kwa mikono mpaka viwiko. Tayamamu hii hufanywa usoni na mikononi hata kama kidonda kipo mguuni. Wengi hukosea hapo, wakapaka vumbi kwenye kidonda chenyewe, na hilo ni balaa jingine.

Nyinyi mlio karibu na bahari niwaambie na hili. Mchanga mweupe wa ufukweni uliooshwa na mawimbi, usio na vumbi, hautoshi katika madhhabu yetu. Weka udongo mkavu msafi kwenye kopo lenye kifuniko. Marehemu mama yangu alikuwa na kopo la maziwa la namna hiyo chini ya kitanda, la udongo mwekundu, na wajukuu walipigwa marufuku kuligusa.

Swala ya faradhi inayofuata, kama udhu wako haujatenguka, rudia tayamamu peke yake. Ukitenguka, rudia yote. Na bandeji uifunge ukiwa na twahara, isizidi pale inaposhikia. Ukifanya hivyo, kwa kuwa kidonda kiko mguuni na si usoni wala mikononi, hulipi swala hata moja. Majimaji na damu kidogo inayovuja kwenye bandeji imesamehewa, wala haitengui udhu kwetu sisi, maana haikutoka katika njia mbili, ya mbele na ya nyuma. Jirani yako wa madhhabu ya Hanafi atakwambia inatengua. Mwache na yake.

Kwa upande wa kidonda, swala zote ulizoswali wiki hizi saba kwa kujiosha na maumivu ni sahihi. Usianze kuhesabu kadha, yaani swala za kulipa, kwa ajili yake.

Nije kwenye mwili wenyewe. Mwanamke anapokaribia kukoma hedhi, mara nyingi kati ya miaka 45 na 55, vifuko vya mayai hupunguza homoni ya estrojeni. Homoni ile kazi yake haikuwa uzazi tu. Ndiyo iliyokuwa ikiitunza ngozi iwe nene, yenye unyevu na yenye kuvutika, na ikisaidia damu kufika pale panapojengwa upya. Ikishuka, kolajeni, ule uzi unaoishika ngozi, hupungua kwa kasi: madaktari hutaja kiasi cha asilimia 30 katika miaka 5 ya mwanzo baada ya hedhi kukoma. Basi ndiyo maana unachubuka kwa kujikuna, na ndiyo maana bati lile lile ambalo ulipokuwa na miaka 30 lingekuacha na mkwaruzo, leo limekuachia kidonda. Joto la ghafla na jasho la usiku navyo vinatokana na mabadiliko hayo hayo. Jasho si najisi. Ukiamka umelowa, huna josho wala huna haja ya kufua shuka ndipo uswali.

Husda ipo, hatuikanushi, na asubuhi na jioni soma Falaq na Nasi. Lakini dhambi? Nabii Zakaria, alayhi salaam, alimlalamikia Mola wake katika Sura Maryam kwamba mifupa yake imedhoofika na kichwa kimewaka mvi. Nani atathubutu kusema mifupa ya Nabii ilidhoofika kwa dhambi? Sura Rum, aya ya 54, inatueleza kwamba Mwenyezi Mungu ametuumba katika udhaifu, kisha akatupa nguvu, kisha baada ya nguvu akaleta udhaifu na mvi. Umefika kwenye sehemu ya tatu ya aya, basi.

Hata hivyo, usiubebeshe umri kila kitu. Kidonda cha mguu wiki ya saba hakijafunga, mimi si daktari, lakini hata mimi najua cha kwanza kupimwa ni sukari. Kisukari huanza kimyakimya katika umri huu huu, na wengi hugundulika kwa kidonda kama chako. Nenda asubuhi kabla hujala, upimwe, na kidonda kioshwe na muuguzi. Waulize pia kuhusu sindano ya pepopunda, kwa kuwa ni bati la bandani. Usikitie majivu, dawa ya meno wala mafuta ya taa. Asali imesifiwa katika Qur'ani na wapo wauguzi wanaoitumia kwa vidonda, lakini ile ya chupa ya soda inayouzwa njiani, Mungu ndiye anayejua mna sukari guru kiasi gani.

Ile damu ya siku tatu ni hedhi. Kwa Mashafii hedhi haina umri wa mwisho, madhali damu haikupungua saa 24 wala haikupita siku 15, na twahara kabla yake imetimia siku 15. Wewe umekaa miezi saba. Kwa hiyo swala za siku hizo tatu zimekuondokea, na ulitakiwa ukoge ilipokatika. Kama hukukoga kwa nia ya kuondoa hedhi, koga leo, ukikinga mguu na kuufanyia tayamamu kama nilivyoeleza, kisha lipa swala za tangu siku ilipokatika. Ikija tone ukaliona, likatoweka, na jumla yake haifiki saa 24, hiyo ni istihadha, yaani damu isiyo ya hedhi: jisafishe, jifunge, tia udhu, uswali. Fatima binti Abi Hubaysh alipomlalamikia Mtume damu isiyokoma, alimwambia huo ni mshipa, si hedhi.

Kuna mpaka mmoja uukumbuke. Ikipita miezi 12 kamili bila damu, kisha damu ikatokea, hata kidogo, nenda hospitali wiki hiyo hiyo. Mara nyingi huwa ni jambo dogo, lakini wakati mwingine huwa ni saratani ya mfuko wa uzazi, na inayowahiwa hutibika. Kuniuliza mimi kwanza kama uswali au usiswali kusikucheleweshe njiani.

Dawa za homoni, za kumeza au za kupaka, ni halali zikiandikwa na daktari aliyekupima, maana wapo wanawake haziwafai, kama aliyewahi kupata saratani ya titi. Usizichukue dukani kwa kuambiwa na shoga. Kwa ngozi kavu, mafuta ya nazi ukiwa bado na unyevu wa kuoga, na acha sabuni ya kufulia mwilini. Ukavu ukeni nao usiufiche. Yapo mafuta maalumu, na mume ana haki ya kuelezwa kwamba ni maumivu, si kukataliwa. Mtume alihimiza tutafute tiba, akasema Mwenyezi Mungu hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa isipokuwa mmoja, nao ni uzee. Hukuambiwa uutibu uzee. Kidonda chake unaweza.

Na hilo la "amekwisha". Bi Aisha, radhiya Llahu anha, siku moja kwa wivu alimtaja Bi Khadija kuwa ni kizee tu wa Kikureshi, ufizi mwekundu, yaani meno yamekwenda. Bi Khadija alikuwa keshafariki miaka, na bado Mtume alikuwa akichinja mbuzi akiwapelekea nyama mashoga zake. Mwanamke aliyekwisha hapelekewi watu nyama kwa jina lake akiwa kaburini.

Majibu ya sukari yakitoka niandikie, na kama bandeji ikibidi ipande juu zaidi ya kifundo nieleze, hukumu yake ina maneno kidogo.

Wallahu a'alam.