Picha za Ziwa Natron kwa simu

Mkuu, umeuliza kama ule wekundu wa Ziwa Natron kwenye picha ni wa kweli au watu wanachezea rangi, na kama simu tu inatosha. Ni wa kweli kabisa, ni vijidudu vinavyopenda chumvi, kiangazi maji yakipungua ndo rangi inakolea. Ila picha nyingi za hivyo zimepigwa toka kwenye ndege, ukiwa chini unaona magadi meupe, matope na flamingo kwa mbaaali, mi mara ya kwanza nilivunjika moyo mpaka nilipochuchumaa nikaona magadi yamepasuka vipande kama sahani, kingo zimejikunja juu, na unyoya mmoja wa pinki umegandia katikati. Nikapiga na simu, na ndo picha naipenda kuliko zote.

Kwa hiyo simu inatosha, piga vya karibu. Lala Engare Sero, kijiji cha hapo karibu na ziwa, alfajiri muwe njiani na mwongozaji wa pale kijijini, jua likitoka geukia kusini upate mlima wa volkano, Ol Doinyo Lengai. Mchana acha, joto linaweza kufika nyuzi 40 na mwanga unaua rangi yote.

Usitembee mwenyewe juu ya magadi, panaonekana pagumu kumbe chini matope. Maji ya ziwa yana magadi, yakikuingia jichoni osha hapohapo kwa maji safi mengi halafu nenda zahanati, usisubiri. Na droni bila kibali usithubutu, hapo ndo mazalia makuu ya flamingo wadogo (ni aina yao, si makinda) Afrika Mashariki, wakishtuka wanaweza kuyatelekeza mayai.