Mfumo wa duka umegoma kwenye kompyuta mpya

SWALI: Shikamoo mama. Nina duka la pembejeo hapa Morogoro. Mwaka 2013 kijana mmoja aliniandikia mfumo wa stoo na madeni ya wateja kwa PHP (lugha ya programu), nautumia kwenye XAMPP, programu inayoendesha PHP na hifadhidata kwenye kompyuta yangu. Sasa nimenunua kompyuta mpya, nikapakua XAMPP ya sasa na kuhamisha folda yote ya htdocs, zilimo kurasa za mfumo, kwa fleshi. Ukurasa wa kwanza unamwaga msimbo mtupu, na ule wa madeni unalalamika kuwa haijui mysql_connect. Mdogo wangu anaiomba kompyuta ya zamani. Nimpe?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usimpe kwanza! Madeni ya wateja wako hayamo kwenye htdocs. Yamo kwenye hifadhidata, ambayo fleshi yako haikuigusa. Washa ile ya zamani, ingia phpMyAdmin (ukurasa wa XAMPP wa kusimamia hifadhidata), chagua hifadhidata ya duka, bonyeza Export upate faili la .sql. Kwenye mpya, tengeneza hifadhidata yenye jina lilelile, kisha Import. Usinakili folda ya hifadhidata peke yake kutoka mysql\data: taarifa nyingine za majedwali hukaa kwenye faili la ibdata1, kwa hiyo utaona majina ya majedwali lakini hayatafunguka.

Kompyuta yako ni nzima. Ukurasa wa madeni usingetoa lile kosa kama PHP haifanyi kazi. Ule unaomwaga msimbo, ufungue uangalie mwanzo wake: nadhani utakuta <? tupu. XAMPP ya sasa haiusomi ufupisho huo, andika <?php kila ulipo.

Kazi kubwa ni mysql_connect, amri ya kuunganisha mfumo na hifadhidata. Iliondolewa PHP 7.0 ilipotoka Desemba 2015, pamoja na ndugu zake wote wa mysql_. Tumia amri za mysqli_, ila kubadili jina tu hakutoshi. Zamani uliandika mysql_query($sql, $conn). Sasa ni mysqli_query($conn, $sql), muunganisho unatangulia. Hapo ndipo wengi wanapokwama.

Wapo watakaokushauri urudishe XAMPP ya zamani. Mimi sikubali: PHP 5.6, toleo la mwisho lenye mysql_connect, iliacha kupewa marekebisho ya usalama mwisho wa 2018, na hizo ni hela za watu. Endelea kuuza kwa kompyuta ya zamani huku ukirekebisha nakala kwenye mpya. Siku ya kuhamia, fanya Export upya jioni baada ya kufunga duka, kisha linganisha jumla ya madeni kwenye kompyuta zote mbili. Zikipishana hata shilingi, usiandike deni jipya mpaka ujue zimepishania wapi.