Virusi havionekani: je, nisali na mgonjwa sala ya shukrani?

SWALI: Mimi ni muuguzi katika kliniki ya tiba na matunzo (CTC). Mama mmoja anayetumia dawa za kufubaza VVU amepata majibu kwamba virusi havionekani. Mchungaji wake amemwambia ameponywa, naye ameniomba nisali naye sala ya shukrani, kisha nimwachishe dawa. Nikikataa, ataona nimeidharau imani yake. Nikikubali, nitakuwa nimemdanganya. Nifanye nini?

JIBU: Dada, sala yenyewe isikusumbue. Ameomba mwenyewe, hukumshawishi. Dhamiri yako ikiruhusu, sali naye, na kama ninyi ni wa dini tofauti, kaa naye kimya kwa heshima. Kanuni za maadili za Baraza la Kimataifa la Wauguzi zinatutaka tuheshimu imani ya mgonjwa, lakini hazitulazimishi kukubali kila linalosemwa kwa jina la imani hiyo.

Kinachonikera, na ninakutana nacho kila mara, ni karatasi ya maabara kugeuzwa ushuhuda wa uponyaji. Kipimo kile huhesabu virusi vilivyomo katika damu tu. Hakivifikii vile vilivyojificha ndani ya chembe za kinga, vikiwa vimelala kwa sababu dawa ipo. Dawa ikikatizwa, kwa walio wengi virusi hurudi katika damu ndani ya wiki chache, na mama ambaye jana hakuwa na uwezo wa kumwambukiza mwenzi wake anaupata tena bila kujua. Wapo hata wanaokwenda kupima upya kwa kipimo cha haraka, ambacho hutafuta kingamwili (kinga ambayo mwili hutengeneza dhidi ya virusi) na si virusi vyenyewe; baadhi ya walioanza dawa mapema huwa na kingamwili chache kiasi cha kupata majibu hasi, na majibu hayo yakasomwa madhabahuni kana kwamba ni hukumu ya mahakama. Mweleze haya kabla ya sala, wala si baada yake, ili ajue kwamba mnashukuru kwa dawa iliyofanya kazi.

Mwaka 2011 maelfu walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba ya mzee Ambilikile Mwasapila, aliyedai inaponya magonjwa sugu, kwa shilingi 500, na miongoni mwao walikuwamo walioacha dawa zao wakiamini wamepona. Nauli na imani vilikuwa vyao, virusi havikujali. Siku hizi yapo mafuta na maji ya upako, tena kwa bei kubwa zaidi, na wauzaji hawaonekani mgonjwa anaporudi wodini akiwa hoi. Wauguzi wenzetu nao wapo wanaohubiri kando ya kitanda cha mtu asiyeweza kuinuka na kuondoka, wakidai hiyo ndiyo huduma ya kiroho. Huduma hiyo huanza kwa kumuuliza mgonjwa kinachompa nguvu na kumsikiliza anavyojibu, hata kama jibu lake si la dini yako, au si la dini kabisa.

Mchungaji usimpigie simu bila ridhaa ya mama huyo, kwa kuwa hali yake ni siri inayolindwa na sheria. Mwombe mama aje na mchungaji yeye mwenyewe, mkiwa na daktari. Mama akishaelezwa yote na bado akakataa dawa, uamuzi ni wake. Andika kwenye faili mliyozungumza, mpangie tarehe ya karibu ya kurudi, na siku akirudi mpokee bila masimango.