Laptopu ya Linux ikikwambia diski inakufa, kopi kwanza maswali baadae

Ile meseji ya kwamba diski inakaribia kufa watu wengi wanaifunga wanaendelea na kazi, na nawaelewa, maana laptopu bado inawaka, mafaili yanafunguka, na tushazoea vimeseji vya kompyuta kila saa. Ila hii siyo ya kupuuza. Ikija tu acha unachofanya, chomeka eksteno (diski ya nje), kopi vitu vyako. Kuchunguza ni baadae, kwasababu huko kuchunguza kwenyewe kunaichosha diski.

Na usianze na muvi jamani. Anza na ambavyo huvipati tena: picha za familia, tasnifu, hesabu za duka, halafu usisahau mafolda yaliyofichwa kama .ssh (funguo zako za kuingilia seva), bonyeza Ctrl+H ndo utayaona. Programu achana nazo, utadaunilodi tena bure.

Yangu ilianza kwa kugandaganda, nafungua folda ya picha inakaa weee, nikicheki dmesg (komandi ya kuonyesha meseji za mfumo) imejaa I/O error, yaani makosa ya kusoma na kuandika, za sda, ndo jina Linux iliyoipa diski yangu. Ukikuta hivyo, mafaili yakiwa yashatoka, weka smartmontools (programu ya kusoma vipimo vya afya ya diski) halafu andika sudo smartctl -a /dev/sda. Hapa ndo watu wanapotelea, wanaona juu pameandikwa PASSED wanashusha pumzi. Hiyo PASSED inamaanisha tu hakuna kipimo kilichovuka kikomo alichojiwekea mtengenezaji mwenyewe, na vikomo vyao viko mbali sana. Yangu ilisema PASSED huku picha hazisomeki!

We shuka chini kwenye lile jedwali, safu ya RAW_VALUE, uangalie mistari namba 5, 197 na 198. 5 ni sekta (vijisehemu vya kuhifadhia data) mbovu ambazo diski imeshazitoa ikaweka za akiba, 197 ni zile imeshindwa kuzisoma na hatma yake bado, 198 ni zilizogoma hata diski ilipojipima yenyewe. Zikiwa sifuri zote afadhali, zikiwa zinapanda kila ukicheki basi hiyo ya kuagana nayo. 199 (makosa ya kusafirisha data) ikipanda peke yake mara nyingi tatizo ni kebo au koneksheni, usikimbilie kununua diski.

Mwaka 2007 watu wa Google walitoa utafiti wa diski zao zaidi ya 100,000, wakakuta diski ikishatoa kosa lake la kwanza la kusoma sekta, uwezekano wa kufa ndani ya siku 60 unakuwa mara 39 ya zile zisizo na kosa. Lakini humohumo wakakuta zaidi ya theluthi ya zilizokufa hazikutoa dalili yoyote kwenye vipimo hivi ukiacha joto. Kwa hiyo ukionywa una bahati, mwenzio hakuambiwa kitu.

Kama kukopi kawaida kunakwama, usipige fsck (komandi ya kurekebisha mpangilio wa mafaili), maana fsck inaandika kwenye diski iliyo hoi na inaweza kukutupia mafaili. Washa laptopu kwa flashi yenye Linux, weka gddrescue (ndo yenye komandi ya ddrescue, ya kuokoa data kwenye diski mbovu), eksteno iwe na nafasi kubwa kuliko diski yenyewe na isiwe imeformatiwa FAT32 (haibebi faili la kufika GB 4), halafu:

sudo ddrescue -n /dev/sda diski.img ramani.map

ukiwa ndani ya folda ya eksteno. Hiyo diski.img ndo kopi ya diski nzima. Inachukua kwanza sehemu nzima nzima, ngumu inaziruka, ukimaliza unarudia na -d -r3 badala ya -n ing'ang'anie zilizobaki. Lile faili la ramani.map, linaloandika wapi pameshakopiwa, ndo uhai wako, umeme ukikata na betri ikazima unarusha komandi ileile inaendelea ilipoishia, na kwa umeme wetu huu mnajua. Vyote vikishatoka ndo hiyo fsck uifanyie kopi ya ile img, siyo diski.

Kuna mafundi watakwambia "tuiformat tu itapona". Ukiandika upya diski nzima ile 197 kweli inaweza kurudi sifuri, mteja anaona imepona, ila sekta zilizokufa zimehamia kwenye namba 5, na hiyo haishuki. Mi diski ya hivyo siiweki hata muziki.

Kwa NVMe (aina ya SSD, diski za chipu zisizozunguka) andika /dev/nvme0 badala ya /dev/sda, majina ya vipimo yanabadilika, tazama Percentage Used (ilivyochakaa), Available Spare (akiba iliyobaki) na Media and Data Integrity Errors (makosa ya data). SSD nazo nyingine zinakufa ghafla bila kugandaganda kwanza, kwa hiyo huko bakapu isisubiri meseji.

Ukienda Kariakoo kuchukua diski yuzidi nenda na kebo ya kuunganisha diski kwenye USB na laptopu, ipime palepale kabla hujatoa hela, kama haisomeki ongeza -d sat kwenye komandi. Zaidi ya 5 na 197 angalia namba 9, masaa iliyowashwa, ikisoma 20,000 hiyo imezunguka zaidi ya miaka miwili usiku na mchana, labda ilitoka kwenye kamera za ulinzi. Muuzaji akikataa usiipime, sepa duka la pili.