Kidonge kinafuata kikao, si kifundo

SWALI: Shikamoo Shangazi. Huu ni mwezi wa nne tangu nifanyiwe upasuaji wa kifundo cha mguu. Nilipewa tramadol, dawa ya maumivu. Mguu umepona, natembea vizuri. Ila kazini watu wanapunguzwa, na kila nikitoka kikaoni na bosi, usiku nameza kidonge. Siku hizi viwili. Jumapili nikiwa na wanangu hata sivikumbuki. Je, nimeshakuwa teja?
Mama Mapacha

JIBU: Marahaba, Mama Mapacha. Neno hilo liweke kando, maana huwafanya watu wafiche vidonge badala ya kuuliza. Nimekaa miaka mingi dirisha la dawa, na visa kama chako sikuviona vikianzia kwenye anasa. Vilianzia kwenye cheti cha daktari.

Umejijibu mwenyewe: kidonge kinafuata kikao, si kifundo. Tramadol ni ndugu wa mofini na kodeini. Dawa hizi hujishikiza palepale kwenye ubongo inapopokelewa endofini, kitulizo ambacho mwili hujitengenezea ukiumia au ukielemewa. Kwa hiyo hazichagui. Huzima maumivu ya mfupa na ya moyo kwa pamoja. Hapo ndipo msongo unapokutega. Si udhaifu wako. Kidonge kinakutuliza kweli, na ubongo hausahau kilichoufariji.

Baadaye kinadai. Mwili ukizoea, kimoja hakitoshi (ulishafika hapo). Dawa ikipungua mwilini, jasho linakutoka, usingizi unapaa, wasiwasi unakujaa. Utamlaumu bosi, na pengine anastahili, kumbe usiku huo ni kidonge cha jana kinachomwita mwenzake.

Usiache ghafla. Rudi kwa daktari aliyekuandikia umweleze habari za vikao, siyo za mguu tu, akupangie namna ya kupunguza kidogo kidogo. Cha tatu usikiguse: tramadol ikizidi inaweza kukuangusha kama mwenye kifafa. Wala usiichanganye na pombe au dawa za usingizi, pumzi inaweza kukatika ukiwa umelala. Na vifungie mahali mapacha hawafiki.

Siku ya kikao kijacho, kabla hujafungua droo, mpigie simu dada au shoga yako, yeyote anayeweza kukusikiliza ukimsema bosi nusu saa nzima bila kukuambia uvumilie.