Kwa anayeanza konditori Ujerumani: madonge kwanza, mapambo baadaye

Mgeni akiingia kwenye jiko la konditori wa Kijerumani, yaani mpishi wa keki, macho yake huenda juu ya keki: waridi la marzipani, chokoleti iliyokwanguliwa, krimu iliyopangwa kama kilemba. Meista, fundi mkuu, haangalii huko. Anakata kipande, anakilaza ubavu na kusoma matabaka. Miaka mitatu ya mafunzo, Ausbildung, inazunguka madonge na rojo chache: Mürbeteig (donge la siagi linalovunjika), Rührteig (rojo la keki ya kukoroga), Biskuit (keki nyepesi ya mayai, siyo biskuti), Hefeteig (donge la hamira), Brandteig (donge linalopikwa kwanza kwenye sufuria) na Blätterteig (donge la matabaka membamba ya siagi). Karibu kila keki au biskuti utakayokutana nayo imetoka kwenye mojawapo ya hayo, au mawili yamewekwa pamoja. Anayekariri mapishi mia bila kuyaelewa haya hubabaika siku siagi ikija laini kuliko jana.

Kabla ya hapo, mambo mawili ya karatasi. Bäcker, mwoka mikate, na Konditor ni fani mbili zenye vyeti viwili, hata kama duka ni moja, kwa hiyo soma mkataba wako umeandikwa ipi. Na huruhusiwi kugusa chakula cha kuuzwa kabla ya kupata maelekezo ya usafi na magonjwa ya kuambukiza kwa mujibu wa kifungu cha 43 cha sheria yao ya kinga, Infektionsschutzgesetz. Hutolewa na ofisi ya afya ya eneo lako. Fuatilia mapema, maana nafasi huchelewa.

Kikombe na kijiko viache nyumbani. Kazini kila kitu hupimwa kwa gramu, hata maziwa na mayai. Yai la saizi M bila ganda lihesabu gramu 50: kiini 20, ute 30. Unga una namba, na namba hiyo ni miligramu za majivu yanayobaki ukichoma gramu 100 za unga. Type 405 ni mweupe, wa keki na biskuti. 550 una nguvu zaidi, mzuri kwa donge la hamira. Ukikuta pishi la nyumbani limeandika „1 Päckchen“ tu, jua ni pakiti ndogo za dukani: ya beking pauda hutosha gramu 500 za unga, ya sukari ya vanila ina gramu 8. Hamira mbichi ni kipande cha gramu 42, hamira kavu pakiti ya gramu 7.

Anza na Mürbeteig, donge linaloharibiwa na bidii. Kanuni yake ni moja, mbili, tatu: sukari gramu 100, siagi 200, unga 300, chumvi kidogo, mara nyingi na yai moja la kushikanisha. Ndilo linalokaa chini ya keki ya tufaha na Käsekuchen, keki ya jibini laini, na biskuti nyingi za Krismasi zimezaliwa nalo. Siagi iwe baridi lakini ikubali kubonyezwa kwa kidole. Sukari iwe laini, kwani chembe kubwa haziyeyuki na huacha madoa ya kahawia. Kanda mpaka vishikane, basi. Mkono uliozoea chapati utataka kuendelea, na kosa ndilo hilo: chapati inataka unga uvutike, Mürbeteig inataka uvunjike.

Ukilikanda kupita kiasi, siagi inayeyuka kwa joto la viganja, inaachana na unga, na donge linamomonyoka kama mchanga uliomwagikiwa mafuta. Wenyewe huliita brandig. Wengi hukimbilia kuongeza unga, na ndiyo wanalimaliza kabisa. Tia kijiko kimoja cha ute wa yai ulio baridi, lishikanishe haraka, lipeleke kwenye friji. Lilaze bapa kama kitabu. Likiwa mpira, nje hugeuka jiwe wakati katikati bado ni vuguvugu. Nusu saa ndiyo chini kabisa, saa moja ni bora. Donge lisilopumzika hurudi nyuma ndani ya oveni na kingo zake huteremka ukutani mwa chombo. Kama litajazwa kitu chenye maji, lioke kwanza tupu kwa nyuzi 180, dakika kama 15, ukiwa umelifunika karatasi na kulikandamiza kwa maharagwe makavu.

Jaribio zuri la Mürbeteig ni Vanillekipferl, biskuti za mwezi mchanga: unga gramu 280, siagi 210, sukari 70, lozi za kusaga 100. Usizichonge ncha kali, zitaungua kabla tumbo halijaiva. Nyuzi 175, dakika 10 hadi 12, zitoke zikiwa bado zimepauka. Kuzigaragaza kwenye sukari ya vanila kuna dakika zake: zikiwa za moto sana zinavunjika mkononi, zikipoa kabisa sukari haishiki. Ngoja mpaka uweze kuigusa moja kwa kidole bila kuruka.

Biskuit ni kinyume chake. Hapa hamna siagi ya kukuokoa, na mara nyingi hakuna beking pauda. Kinachoinua ni hewa ya mayai. Kwa duara la sentimita 26 chukua mayai 6, sukari gramu 180, unga 120, wanga wa mahindi 60. Ya chokoleti? Toa gramu 40 za unga, weka kakao. Mayai na sukari yapige juu ya mvuke wa maji ya moto mpaka yafike nyuzi 40 hadi 45, ondoa motoni, endelea kupiga mpaka yapoe. Mchapo ukichora mstari ukakaa, yako tayari. Chekecha unga juu yake kwa mafungu mawili na uchanganye kwa mwiko ukitoka chini kwenda juu. Ukitumia mashine hapo, unaitoa hewa uliyoihangaikia robo saa nzima. Unga uliobaki chini ya bakuli hutokea baadaye kama tabaka gumu la mpira kwenye kitako cha keki. Usipake siagi ukutani mwa chombo: rojo hupanda kwa kushikilia ukuta, na ukuta wenye mafuta haushikiki. Oka kwa nyuzi 180, dakika 30 hadi 35, mlango usifunguliwe dakika 20 za mwanzo. Ikate kesho yake. Inayokatwa ikiwa ya moto hujaa makombo na matabaka hayalingani.

Sasa unaweza kuigusa Schwarzwälder Kirschtorte, keki ya Msitu Mweusi, ambayo wageni wote hutaka kuanza nayo. Chini kabisa kuna kipande chembamba cha Mürbeteig kilichopakwa jemu, ndicho kinachobeba uzito. Juu yake Biskuit ya kakao, cheri chachu, krimu. Chupa ya kawaida ya cheri ina gramu 350 za matunda yaliyochujwa. Chemsha mililita 250 za maji yake, tia gramu 25 hadi 30 za wanga uliokorogwa kwa maji baridi, acha uchemke dakika moja kamili, ndipo uingize cheri. Wanga usiochemka vizuri huonja unga, na kesho yake huachia maji yanayoshuka kwenye keki kama wino. Jina la keki hii nalo lina masharti kwenye miongozo ya vyakula ya Ujerumani: ladha ya Kirschwasser, pombe ya cheri, lazima isikike wazi. Ukiitoa, ipe keki jina lingine.

Krimu, Schlagsahne, ina mafuta yasiyopungua asilimia 30, na hupanda tu ikiwa baridi ya friji, bakuli nalo baridi. Mwanafunzi huipitisha kwa sekunde kumi na kupata siagi. Simamisha mashine mapema, malizia kwa mkono. Tatizo kubwa zaidi ni jelatini. Karatasi 6 hushika nusu lita ya kimiminika; kwa krimu iliyokwisha kupigwa huhitaji kiasi hicho, karatasi 4 hadi 6 kwa lita zinatosha. Loweka kwenye maji baridi dakika 5, kamua, yeyusha kwa moto mdogo bila kuchemsha. Kisha tia vijiko viwili vitatu vya krimu ndani ya jelatini, ukoroge, ndipo mchanganyiko huo urudi kwenye krimu yote. Ukimwaga jelatini ya moto moja kwa moja kwenye krimu baridi, inaganda papo hapo na kuwa nyuzi za mpira zinazotafunika.

Hapa Waislamu wasikilize. Jelatini ya kawaida Ujerumani hutokana sana na nguruwe, maandazi ya Berliner kijadi yalikaangwa kwa Schmalz, ambayo mara nyingi ni mafuta ya nguruwe, na pombe ya matunda au rum iko kwenye krimu, zabibu na sharubati za kulowanisha. Ulizia suala la kuonja kabla ya kusaini mkataba, siyo siku ya mtihani. Iko jelatini ya ng'ombe, na iko agar ya mwani, lakini agar ni tabia nyingine: lazima ichemke dakika kama mbili, na hushika ikiwa bado vuguvugu, kwa hiyo huwezi kubadilisha tu gramu kwa gramu.

Krimu ya siagi ya Kijerumani, ya keki ya pete iitwayo Frankfurter Kranz kwa mfano, hupikwa kama kastadi: maziwa nusu lita, wanga gramu 40, sukari 100, ikipoa huchanganywa na siagi gramu 250 iliyopigwa ikawa nyeupe. Funika kastadi kwa plastiki inayoigusa usoni, la sivyo itaota ngozi na ngozi itakuwa mabonge. Siri yote ni joto kulingana: kastadi na siagi ziwe nyuzi 20 hadi 22 zote mbili. Moja ikiwa ya friji, krimu inakatika kama tui. Usiitupe. Pasha ukuta wa bakuli kidogo kwa maji ya moto huku ukipiga, itarudi.

Donge la hamira litakuwa rahisi kwako ukijua mahamri. Unga gramu 500, maziwa vuguvugu mililita 250, siagi 80, sukari 80, yai, chumvi, hamira nusu kipande hadi kimoja. Maziwa yasipite nyuzi 40. Bienenstich, keki ya lozi na asali, hutandazwa donge hili kwenye trei na kumiminiwa siagi gramu 150, sukari 150, asali na krimu vijiko vitatu vitatu, na lozi za vipande 200, vyote vimechemshwa kidogo. Ikiva hupasuliwa katikati na kujazwa krimu ya vanila. Ujanja wake: kata kifuniko cha juu vipande vya kuuzia kabla ya kukirudisha juu ya krimu. Ukikata baadaye, kisu hugonga lozi ngumu na krimu yote hutokea ubavuni.

Berliner hukaangwa kwa nyuzi 170 hadi 175. Mkanda mweupe kiunoni ni alama ya kuumuka sawasawa: donge jepesi huelea juu na katikati yake haiguswi na mafuta. Mkanda ukikosekana, lilikuwa zito bado. Ukitamani kununua, kumbuka kwamba Berlin kwenyewe huitwa Pfannkuchen, na kusini ni Krapfen.

Käsekuchen haina mengi, ila usiioke kwa haraka: nyuzi 160, saa moja na zaidi. Baada ya nusu saa pitisha kisu ukingoni ili ipande bila kupasuka, na ikiiva ipoe ndani ya oveni, mlango wazi kidogo. Anayejaribu nyumbani Nairobi au Dar na hapati Quark, jibini laini la keki hii, achuje mtindi mzito kwenye kitambaa usiku kucha. Atabaki na karibu nusu.

Kuanzia Septemba utasikia Krismasi tu. Harufu ya Lebkuchen, biskuti za viungo, haitakuwa ngeni: karafuu, mdalasini, iliki, tangawizi, kungumanga, giligilani. Ugeni uko kwenye viinuaji. Hirschhornsalz (kabonati ya amonia) husukuma donge juu, Pottasche (kabonati ya potasiamu) hulitanua pembeni. Kila kimoja kiyeyushwe peke yake kwenye maji baridi kidogo. Hirschhornsalz hutoa amonia, na amonia hutoka tu kwenye biskuti nyembamba na kavu. Kwenye keki nene hubaki ndani na kunuka. Elisenlebkuchen, ya juu kabisa, lazima iwe na lozi, hazelinati au jozi zisizopungua asilimia 25, na unga usiozidi 10. Ikitaka kumwagika, kosa huwa ni ute mwingi. Usiizuie kwa unga, ongeza lozi.

Na Stollen, mkate mtamu wa Krismasi. Mpaka mwaka 1491, Papa Innocent VIII alipotoa ruhusa, siagi ilikatazwa wakati wa mfungo kabla ya Krismasi. Leo jina linalindwa kwa wingi wa siagi hiyo hiyo. Dresdner Christstollen, inayookwa Dresden na viunga vyake tu, kwa kila kilo 100 za unga inataka siagi kilo 50 au zaidi, zabibu kavu 65, maganda ya limau na chungwa yaliyokolezwa sukari 20, lozi 15. Mafuta mengi hivyo huilemea hamira, kwa hiyo iamshe kwanza kwa donge dogo la unga na maziwa, dakika 30, siagi ifuate. Zabibu zilizolowekwa usiku mzima ziingie mwisho kabisa, kwa mkono, zisipasuke na kulifanya donge kijivu. Zinazochungulia nje zing'oe kabla na baada ya kuoka, huungua zikawa chungu. Ikiwa bado ya moto ipake siagi iliyoyeyushwa mara mbili, kisha sukari, kisha sukari ya unga. Ifunge na uiache mahali penye ubaridi wiki mbili hadi nne. Siku ya kuila huanzi nchani: kata katikati, toa vipande vyako, sukuma nusu mbili zikutane tena ili uso uliokatwa usikauke.